Watoto wa Goma wafundishwe ardhi wanayoikanyaga

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu yale ambayo watoto wetu wa shule ya msingi wanafundishwa katika sayansi, jografia, historia na uraia. Ninafundisha darasa la tano hapa Goma, baada ya kufundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na ninayoyaandika nimeyaona katika daftari za watoto na kuyasikia vinywani mwao. Sina ugomvi na programu ya taifa. Mtoto wa Kongo, awe wa Goma au wa Matadi, ni lazima ajue mto Kongo unapita wapi, ajue mikoa 26 ya nchi yake, ajue kilichotokea tarehe 30 Juni 1960. Lakini mtoto huyo huyo anaweza kumaliza darasa la sita, akafaulu mtihani wa taifa na kupewa cheti chake, bila kujua kwa nini mbuzi aliyeshuka alfajiri kwenye shimo la upande wa Mugunga hakupanda tena, wala rangi ya machungwa kwenye kibao cha tahadhari ya volkano inamtaka nani afanye nini. Kasoro hiyo ni kubwa, na ninaamini sisi walimu wa hapa tunaweza kuanza kuirekebisha bila kusubiri pesa kutoka popote.

Kaskazini yetu uko Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, na jirani yake Nyamulagira, wenye mita 3,058. Kusini liko Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 485. Watoto wanaviona vitu hivi, na usiku mwingine wanauona wekundu juu ya mlima, lakini darasani wanavikuta vimetenganishwa: mlima umo katika ukurasa wa jografia, ziwa limo katika orodha ya maziwa ya kukariri, na mawe meusi tuliyojengea kuta za shule zetu hayamo popote. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha kwamba vyote hivi ni habari moja. Ardhi ya mashariki mwa Afrika inaachana polepole kwenye Bonde la Ufa, na pale inapoachana, miamba iliyoyeyuka huko chini hupata njia ya kupanda. Milima ya Virunga ilijengeka hivyo, nayo ndiyo iliyoziba njia ya maji ambayo hapo kale, kwa maelezo ya wanajiolojia, yalielekea kaskazini upande wa Ziwa Edward, hata Ziwa Kivu likajaa na kupata mlango wa kusini kwa mto Ruzizi, unaoyapeleka maji hayo Tanganyika. Mtoto wa darasa la nne akielezwa hivyo huku ameshika jiwe la lava mkononi, akatazama matundu yaliyoachwa humo na gesi wakati jiwe lilipokuwa bado uji wa moto, hasahau kwa urahisi.

Somo la historia nalo lingeweza kuanzia kwenye tarehe tatu ambazo kila familia ya mji huu inazijua kwa namna yake: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo hutiririka kwa wepesi kuliko lava ya volkano nyingi duniani. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, na vijiji vya chini havikupata nafasi ya kukimbia. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka kutoka mlimani kuelekea mjini, lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Mwaka 2021 ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja huo wa ndege. Bibi na babu waliokimbia mwaka 1977 bado wako katika mitaa yetu, na wazazi wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa shule mwaka 2002. Mwalimu akimwomba mmoja wao aje darasani aeleze alichokiona, kisha watoto wakaonyesha kwenye ramani lava ilipopita, hapo watakuwa wamefanya kazi yenyewe ya mwanahistoria, yaani kusikiliza shahidi, kumlinganisha na shahidi mwingine na kutafuta alama iliyobaki ardhini.

Kuna mambo mawili katika milipuko hiyo ambayo hunisukuma zaidi kuandika barua hii. Siku chache baada ya lava ya Januari 2002 kuingia mjini, kituo cha mafuta kilichokuwa kimezungukwa na lava ambayo haijapoa kililipuka wakati watu walipokuwa wanachota mafuta, na makumi yao wakafa. Na Mei 2021, lava ikiwa imekwisha kusimama, watu kadhaa walikufa kwa gesi walipojaribu kuvuka juu yake ili wafike upande wa pili. Sisemi haya kuwalaumu marehemu, kwa maana njaa na hofu humpeleka mtu popote. Ninasema kwamba mvuke wa petroli hushika moto bila kuguswa na mwali, na kwamba lava iliyosimama huendelea kutoa joto na gesi kwa siku nyingi, na mambo haya mawili ni sayansi ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuielewa na kuipeleka nyumbani kwao.

Nirudi kwenye mashimo ya mazuku, yaani mashimo yenye hewa inayoua kama lile la mbuzi niliyemtaja, kwa sababu hapo ndipo ujinga unaua bila kelele, hata mlima ukiwa umelala. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, Bulengo na Lac Vert, hewa ukaa hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa na kukusanyika mabondeni. Hewa hiyo haina rangi, wala mtu hawezi kuinusa akaitambua, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, ndiyo maana hukaa chini kwenye mashimo badala ya kutawanyika. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wala jua, huongezeka. Mchana upepo huipunguza, na watu hudhani mahali hapo ni salama. Mtu mzima anaweza kupita pembeni akiwa amesimama asipate neno, lakini mtoto pua yake iko karibu na ardhi, na akiinama kuokota kuni au kumfuata mwanakondoo anaingiza kichwa ndani ya hewa isiyomtosha kupumua. Na yule anayemkimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Mtoto wa Goma angepaswa kuyajua haya kabla ya kujua majina ya mifupa ya mkono kwa Kifaransa.

Wala somo hili halihitaji maabara. Limau, soda ya kuokea, kikombe kirefu na mshumaa mfupi vinapatikana kwenye duka lolote la mtaani. Mwalimu akikamulia limau kwenye ile soda ndani ya kikombe, mchanganyiko hutoa povu, na povu hilo ni hewa ukaa ile ile. Akisubiri kidogo, kisha akauinamisha mdomo wa kikombe juu ya mshumaa unaowaka kwa uangalifu, pasipo kumwaga maji, mwali huzimika ingawa hakuna kinachoonekana kikimiminika. Darasa hunyamaza. Baada ya hapo swali huja lenyewe kutoka kwa watoto: kama mshumaa umekosa hewa, je, mtu? Nimelifanya jaribio hili na watoto wa darasa la tatu, na wiki iliyofuata wazazi wakanisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli hawapaswi kuwatuma watoto kuchunga mapema upande ule. Somo la kukariri halijawahi kumfikisha mzazi kwenye swali la namna hiyo.

Kutoka kwenye kikombe hicho njia ya kufika ziwani ni fupi. Chini ya Ziwa Kivu kumeyeyuka kiasi cha mita za ujazo bilioni 300 za hewa ukaa na karibu bilioni 60 za methani. Hewa ukaa hiyo kwa sehemu kubwa hutoka katika volkano, na methani hutengenezwa na vijidudu vya vilindini. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayachanganyiki na ya juu, na uzito wa maji yote yaliyo juu yake ndio unaoizuia gesi isitoke, kama kizibo kinavyoizuia kwenye chupa ya soda. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuelezwa pia yaliyotokea katika Ziwa Nyos nchini Kameruni usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ambapo gesi iliyotoka ghafla iliua watu wapatao 1,700, na kuelezwa kwamba wataalamu hulipima Ziwa Kivu kwa sababu hiyo. Lakini wasiishie kwenye hofu. Waambiwe pia kwamba ng'ambo, upande wa Karongi nchini Rwanda, methani hiyo hiyo inavutwa kutoka vilindini na kugeuzwa umeme, na kwamba tangu 2016 mtambo mmoja wa huko una uwezo wa megawati 26. Ningependa mwanafunzi mmoja kati ya wanaokaa mbele yangu leo awe mhandisi wa kazi hiyo upande wetu wa ziwa, na hatakuwa hivyo kama methani kwake ni neno tu la kuandika katika nafasi iliyoachwa wazi.

Hata sambaza wanaoliwa nyumbani ni somo. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Kivu; aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na akaenea kiasi kwamba leo wavuvi wa Goma, Idjwi na Bukavu wanamtegemea. Anaishi katika maji ya juu tu, kwa sababu chini zaidi hakuna oksijeni. Usiku hufuata vijidudu vinavyopanda, ndiyo maana wavuvi hutoka na taa, na usiku wa mwezi mpevu huvua kidogo. Mtoto wa mvuvi anayajua haya kuliko mimi, na ingefaa siku hiyo yeye ndiye asimame mbele ya darasa.

Maji yanadai maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo sayansi na historia haziwezi kutenganishwa. Mgeni huuliza kwa nini mji wenye mvua nyingi na ziwa kubwa hauna maji, na watoto wanaobeba bidoni kila siku hawana jibu. Jibu liko kwenye lava: mwamba wetu una nyufa na matundu, mvua inaponyesha huzama ndani, na hakuna mto unaopita mjini. Mwamba huo huo ni mgumu kuchimba, kwa hiyo vyoo vingi ni vifupi, na uchafu hufuata nyufa zile zile hadi ziwani, ambako tunarudi kuchota. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliokadiriwa kuwa mamia ya maelfu walipoingia hapa kwa siku chache, walipiga kambi juu ya mwamba huo, pasipo maji safi na mahali pa kuchimba vyoo, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Mtoto akielewa kisa hicho kwa sababu zake, ataelewa kwa nini mtu wa klorini husimama ufukweni kutia dawa ndani ya bidoni, na hataona kuwa anamchelewesha. Wale wanaoishi karibu na mlima waelezwe jambo jingine pia: mvua inayopita katika moshi wa volkano hubeba floraidi, na maji ya mabati yakinywewa miaka na miaka humwachia mtoto madoa ya kahawia kwenye meno yanayoota.

Nije kwenye uraia. Watoto wanakariri majukumu ya Rais, ya Seneti na ya Bunge, na ni vizuri. Lakini usiku wa shida hawamwoni Seneta, wanamwona nyumbakumi na chefu wa kartiye, yaani kiongozi wa mtaa. Je, wanajua kazi zao? Je, wanajua kwamba kuna Kituo cha Uchunguzi wa Volkano hapa hapa Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, ambacho wataalamu wake hupima mitetemeko na gesi, na kwamba tahadhari hutolewa kwa rangi nne? Kijani ni hali ya kawaida, manjano ni kuwa macho, machungwa ni kujiandaa, nyekundu ni hatari iliyofika au iliyo karibu sana. Tarehe 27 Mei 2021, mitetemeko ikiwa haijakoma, amri ilitolewa ya kuondoka katika mitaa kumi ya mji, na watu wakashika njia za Sake, Rutshuru, Rwanda na boti za Bukavu kwa saa chache. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika msongamano ule. Kwa hiyo ninawaomba walimu wa darasa la kwanza na la pili wahakikishe kwamba kila mtoto anaweza kutamka jina kamili la mama yake na la baba yake, jina la avenyu na la kartiye anakokaa, na mahali ambapo familia imepatana kukutana. Hiyo nayo ni jografia, na ni ya kwanza ambayo mtoto anahitaji.

Yote haya yafundishwe kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazikubali lugha hizo kuwa lugha za kufundishia. Pamoja na hayo, nimekuta daftari za darasa la tatu ambamo volkano imeelezwa kwa sentensi mbili za Kifaransa, mtoto anazitamka bila kosa, na ukimwambia azieleze kwa Kiswahili anatazama chini. Sikatai Kifaransa, watakihitaji, na ninakifundisha kwa bidii. Lakini onyo linalohusu uhai wa mtoto lisipitie kwanza katika lugha anayoanza tu kuijifunza. Lielezwe kwa Kiswahili hadi lieleweke, kisha maneno ya Kifaransa yafuate, nayo yatashika haraka zaidi kwa sababu yatakuwa na kitu cha kushikilia.

Wako wenzangu wanaonijibu kwamba mtihani wa mwisho unatungwa kwa nchi nzima, na kwamba saa inayotumiwa kwa mazuku ni saa inayoibwa kwa mtihani. Ninawaelewa, maana mkurugenzi wa shule huhesabiwa waliofaulu, na mwalimu huulizwa sababu ya kila aliyeshindwa. Lakini programu yenyewe, katika madarasa ya mwanzo, humtaka mwalimu aanze na mazingira ya mtoto, na aliyeelewa kwa nini mshumaa ulizimika atajibu swali la mwako na la kupumua bila taabu, hata likitungwa Kinshasa na mtu ambaye hajawahi kuona lava. Wazazi wengine wanasema tutawatia watoto woga. Watoto wa Goma wanaogopa tayari. Nimewaona wakitazamana kila lori kubwa linapotikisa madirisha ya darasa. Nilichokiona kwa wale waliofundishwa ni kwamba wanauliza maswali zaidi na wanalia kidogo.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa shule za msingi, za serikali na za makanisa, ni kwamba kabla ya masomo kufunguliwa mwezi wa Septemba wakutane na wataalamu wa Kituo cha Volkano na wa idara ya afya, wapatane juu ya masomo machache ya lazima kwa kila darasa, na watupe walimu siku moja ya kuyajaribu majaribio yenyewe kwa mikono yetu, kwa maana wengi wetu nasi hatukufundishwa. Na kwako, Mheshimiwa Mhariri, ninaomba gazeti lako litoe katika toleo la mwanzo wa mwaka wa shule ukurasa mzima wenye rangi nne za tahadhari na maana yake, dalili za mashimo ya mazuku, na ramani ya mji yenye mapito ya lava ya 1977, 2002 na 2021, yote kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Shule nyingi hazina picha yoyote ukutani, na ukurasa huo tutaukata na kuubandika karibu na ubao.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu wa darasa la tano,
Katoyi, Goma